Gari la vitunguu

Unga Limited, Arusha

Mpwa wangu,

Picha zako nimezipata zote: ya chesisi ya Land Rover 109 ya babu yako, ya injini ya Isuzu juu ya toroli, na ya zile ekseli mbili za Hilux ambazo rafiki yako wa Mbulu anataka kukuuzia. Mama yako alinipigia kabla yako. Anasema ua wake umegeuka jaa la vyuma, kuku hawana pa kutagia, na aliyekutia wazimu huo ni mimi. Nimemwahidi nitakuandikia. Nimechagua barua, si ujumbe wa simu, ili uikunje uiweke kwenye boksi la spana na uisome hata mikono ikiwa na grisi.

Ekseli za Hilux usinunue. Kama umeshatoa kishika uchumba, kidai; akigoma, samehe. Sababu nitaifikia.

Kwanza tukubaliane gari hili ni la kazi gani. Ulinionyesha video za Rhino Charge ya Kenya, magari yasiyo na milango yanapanda mawe kama mbuzi, na nikaona macho yako. Mashindano yale yalianza mwaka 1989 kuchangisha fedha za uzio wa msitu wa Aberdare. Gari hupewa saa 10 kufika vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wenzake. Ndiyo maana hawalizungukii jabali, wanalipanda. Magari mengi ya pale yameunganishwa na mafundi kwa mikono yao, nami nawavulia kofia. Ila gari la namna ile limeundwa kwa ajili ya siku moja ya mwaka. Wewe unataka kutoa vitunguu Mang'ola wakati wa masika, barabara ikiwa imekatika, na kupanda navyo hadi Karatu. Gunia la kitunguu halihitaji gari lirukeruke. Linahitaji gari litakalowaka alfajiri, lipande mlima kwa gia nzito bila kuchemka, na likiharibika huko Eyasi litengenezwe kwa spea inayopatikana Karatu mjini. Kila ninachokuandikia hapa kinatokana na hilo. Siku utakayotaka kupanda mawe, utaniandikia tena.

Mimi si fundi makanika, unajua. Mimi ni fundi kereza. Miaka yote nimesimama kwenye mashine, na wanaoniletea kazi ni watu kama wewe: wana injini ya huku na gia boksi ya kule, wanataka niwachongee kitu cha kuviunganisha. Kwa hiyo magari ya kuunga ninayajua kwa upande mmoja tu, upande wa maungio, na huko ndiko yanakofia. Injini ya Isuzu ni nzima, gia boksi ya Toyota ni nzima, chesisi ya Land Rover ni nzima. Kinachokatika ni breketi ya katikati, kros za propela iliyokaa upande, bomba la breki lililounganishwa kwa nati ya kulazimisha. Kila unapokutanisha vyuma vya viwanda viwili umezalisha kitu ambacho hakuna kiwanda kilichowahi kukifanyia majaribio. Basi hesabu maungio hayo kabla hujahesabu fedha, uyapunguze mpaka yabaki machache unayoweza kuyasimamia mwenyewe.

Kwa mpango wako wa sasa nimeyahesabu: chesisi ya Land Rover, injini ya Isuzu, gia boksi bado hujui, ekseli za Hilux, stelingi boksi ya "chochote nitakachopata". Hapo kila kitu kinakutana na mgeni. Mimi nakushauri utafute mzoga mmoja wa Land Cruiser 60, zile zilizotengenezwa kati ya 1980 na 1990. Bodi imeoza, sawa. Injini imekufa, afadhali zaidi, bei itashuka. Ununue mzoga mzima, usikubali kuuziwa vipande. Ndani yake unapata gia boksi, transfa, propela zote mbili, ekseli zote mbili, breki pamoja na masta silinda yake, stelingi boksi na mikono yake, hadi kebo ya hendibreki. Hivyo vyote vilizaliwa pamoja na vinaelewana. Ukishavichukua, kuanzia klachi kurudi nyuma hadi kwenye tairi hakuna ugomvi. Ugomvi unabaki sehemu mbili tu: Isuzu inapokutana na gia boksi, na ekseli zinapokutana na chesisi ya babu.

Na kwenye chesisi una bahati ambayo sidhani umeiona. Jina 109 linatokana na inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani milimita 2769. Land Cruiser 60 ina 2730. Tofauti ni milimita 39, upana wa vidole viwili. Hukati chesisi, huirefushi. Hapa Arusha gereji za utalii hukata Land Cruiser katikati na kuirefusha ili iingie safu ya viti, na gari linaenda Serengeti na kurudi. Lakini wale wana meza za chuma za kuishikilia chesisi isipinde, na wanajua chuma cha ndani kinaingia wapi kabla ya kuchomelea. Wewe una ua wa mama yako wenye mteremko kuelekea kisimani.

Sasa Hilux. Simama nyuma ya gari, tazama mbele. Kwenye Land Rover ya zamani na kwenye Land Cruiser 60, difu ya mbele imekaa kulia, na transfa zao hutoa nguvu ya mbele upande huohuo wa kulia. Hilux za ekseli nzima ya mbele, kama hiyo anayokuuzia rafiki yako, difu iko kushoto, kwa sababu transfa ya Hilux nayo hutoa kushoto. Ukiiweka chini ya gari lenye transfa ya kulia, propela italazimika kukatisha chini ya sampu ya injini kwa pembe ambayo hakuna kros itakayoivumilia. Atatokea mjuaji akwambie, "Tuipindue juu chini, difu itakuja kulia." Itakuja, kweli. Na magurudumu ya mbele yatazunguka kurudi nyuma wakati ya nyuma yanakwenda mbele. Nimewahi kusikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili kwa nusu siku, wakati kipande cha chaki na sakafu vingetosha.

Hata ukipata mzoga wa 60 hakikisha difu zina hesabu moja, kwa sababu mzoga uliokaa sana mtaani huwa umeshabadilishwa viungo. Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lingine libaki chini, gia iwe huru. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mtu akihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara nne na kidogo, hiyo ni 4.11, meno 37 kwa 9, ambayo utaikuta kwenye nyingi. Fanya hivyohivyo mbele, na kumbuka kufunga hab kwanza. Zikitofautiana, kwenye tope hutajua kitu, maana tairi zinateleza na kusamehe. Ukisahau kuitoa fo-wili ukaingia lami ya Karatu, ekseli moja inavuta na nyingine inakataa, na kitakachokatika ni kile dhaifu kuliko vyote, pengine ndani ya transfa.

Hesabu hiyo ya 4.11 inakufaa. Tairi ya 7.50R16 inatembea karibu mita 2.5 kwa mzunguko. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2500 kwa dakika, gia ya nne ambayo ni moja kwa moja, utapata kama kilomita 91 kwa saa. Hutaki zaidi ya hapo na vitunguu mgongoni. Wala usishawishike kuweka matairi makubwa ya kwenye video. Tairi ikiwa ndefu ni kama umebadilisha difu kuwa ya mwendo, na Isuzu yako itakulilia mlimani. Hiyo 4JB1 ni ya 2771 cc. Land Cruiser ya dizeli ya umri ule ilitoka na 2H ya 3980 cc, kwa hiyo unaipa gia boksi mume mdogo kuliko aliyeachika. Itafanya kazi, kwa sababu bodi ya 109 ni ya aluminiamu na ni nyepesi, na kwa sababu transfa ina gia nzito ya kupandia. Itapanda polepole. Vijana wenzako watakwambia utafute 1HZ. Ni injini nzuri sana, 4164 cc, silinda sita, lakini ni ndefu, ni nzito, rejeta itasukumwa hadi kwenye bampa, na bei yake ni ya shamba. Isuzu unayo. Funga Isuzu.

Mwambie pia mama yako, anaposema unaunda gari la vipande kama nguo ya kichaa, kwamba Land Rover yenyewe ilianza hivyo. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, kule Uingereza, alitengeneza gari la kwanza la majaribio juu ya chesisi ya Jeep ya jeshi la Marekani, akaweka injini na gia boksi ya gari dogo la Rover. Lilionyeshwa rasmi Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati huo likiwa na chesisi yake lenyewe. Bodi ikafanywa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Na Isuzu ndani ya Land Rover si ajabu ya Karatu: jeshi la Australia lilinunua Land Rover 110 zilizofungwa Isuzu 4BD1 ya 3.9 tangu kiwandani, miaka ya 1980, wakazitumia miaka mingi jangwani.

Tuje kwangu, kwenye pleti.

Kati ya injini ya Isuzu na nyumba ya klachi ya Toyota kunakaa pleti ya chuma yenye matundu ya pande zote mbili: haya yanafunga injini, haya yanafunga nyumba ya klachi. Watu wanadhani kazi yake ni kushikilia. Kushikilia ni kazi rahisi, hata mchomeleaji wa mageti anaweza. Kazi yake hasa ni kulenga. Shafti ya gia boksi inapita katikati ya klachi na ncha yake inaingia kwenye bushi ndogo mwishoni mwa krenki. Mstari wa krenki na mstari wa shafti lazima iwe mstari mmoja. Nikisema mmoja nina maana kosa lisizidi milimita 0.1, unene wa karatasi unayoisoma. Ukizidi hapo gari litawaka, litatembea, utasherehekea. Halafu klachi itaanza kutetemeka ukiondoka, beringi ya mbele ya gia boksi italia, na mwishowe kitovu cha pleti ya klachi kitapasuka, na utaambiwa klachi ulizouziwa ni feki.

Bolti hazilengi. Tundu la bolti lina nafasi, na kila ukifungua na kufunga pleti inahama. Kinacholenga ni pini, mbili kwa kila upande, zinazoingia kwa kugongwa. Kwa hiyo matundu ya pini huwa natoboa mwisho, pleti ikiwa imeshafungwa kwenye injini na nyumba ya klachi imefungwa juu yake. Naweka saa ya kupimia kwenye flaiwili, mshale wake ukigusa ukingo wa tundu kubwa la katikati la nyumba ya klachi, tunazungusha krenki kwa mkono na kuitazama saa. Tunagonga kwa nyundo ya plastiki huku na huku mpaka mshale utulie. Ndipo natoboa. Atakayekwambia atakuchongea pleti kwa kuchora kwenye karatasi ya boksi bila kuona injini, mshukuru na uondoke.

Unene wa pleti nao hauchaguliwi na chuma kilichopo stoo. Unatokana na urefu wa shafti: ncha lazima iingie ndani ya bushi vya kutosha bila kugonga mwisho wa krenki, na meno ya shafti yakae sawasawa na kitovu cha pleti ya klachi. Flaiwili na presha pleti zibaki za Isuzu. Pleti ya klachi iwe na sahani ya ukubwa wa Isuzu na kitovu chenye meno ya Toyota. Kuna mafundi hapa mtaani wanaozipanga upya kwa ribiti, nitakupeleka kwa mmoja. Bushi ya pailoti nitachonga ya shaba, nje kipimo cha krenki ya Isuzu, ndani kipimo cha ncha ya Toyota. Hii ni kazi ya saa moja na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Umeme nitausema haraka. Soma kibandiko cha stata kabla ya kufunga betri. Injini za Kijapani za malori madogo, na Land Cruiser nyingi zilizoletwa moja kwa moja kutoka Japani, ni za volti 24. Nyingine ni za 12. Chagua moja, gari zima liifuate: stata, alteneta, plagi za kupasha joto, taa. Pampu ya dizeli ya Isuzu yako ni ya kimakanika, haitaki kompyuta wala bunda la waya. Waya wa kuzimia unakutosha.

Ila alteneta usibadilishe kwa papara. Tazama mgongoni mwake, utaona pampu ndogo yenye bomba la mafuta. Ile ndiyo inayovuta hewa ya buster ya breki, kwa sababu dizeli haina mvuto wa hewa kama injini ya petroli. Mtu anang'oa alteneta ya 24, anafunga ya 12 ya gari dogo, taa zinawaka vizuri, halafu kwenye mteremko wa kwanza pedeli ya breki imekuwa jiwe. Na wewe njia yako yote ya kwenda Mang'ola ni kushuka.

Utaratibu wa uani uwe huu. Chesisi kwanza: igonge kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma, hasa mhimili wa nyuma kabisa na mikono inayobeba bodi. Pazima panalia, palipooza panajibu kwa sauti ya boksi. Bodi ya aluminiamu humdanganya mtu, kwa sababu haishiki kutu huku chesisi ikiliwa kutoka ndani. Ukishaziba, ingiza ekseli, gari lisimame kwa matairi yake, ndipo uingize injini na gia boksi na kuamua zikae wapi. Usichomelee breketi za injini kabla gari halijasimama kwa uzito wake. Vikalio vya springi kwenye ekseli vitahitaji kuhamishwa, maana nafasi kati ya springi za Land Rover si ya Land Cruiser: vishike kwa nukta chache tu, weka mzigo, geuza ekseli mpaka pembe ya difu na pembe ya transfa zilingane, kisha chomelea vipande vifupi ukipumzisha, la sivyo nyumba ya ekseli itapinda na utakula sili za mafuta kila mwezi. Ekseli za 60 ni pana kuliko zile za babu yako, kwa hiyo tairi zitachungulia nje. Tafuta madigadi za mpira, trafiki wasikusumbue na tope lisimpige mwenye bodaboda.

Mkono wowote wa stelingi usichomelewe. Hata kama mchomeleaji ni bingwa, hata kama ni wa muda tu. Kama ni mfupi, tafuta mrefu. Kama haupo, nitakuchongea kutoka kwenye chuma kizima. Na chini ya gari usilale likiwa juu ya matofali ya sementi. Tofali halitoi onyo, linapasuka. Nunua stendi nne za chuma kabla hujanunua chochote kingine, nami nitachangia mbili. Kunyanyulia injini tumia chenibloku kwenye miguu mitatu ya bomba nene. Mwembe wa mama yako uachie maembe.

Karatasi. Kadi ya gari la babu ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ya chesisi usiiguse, usiisage, usiipake putti, ndiyo inayokufanya uwe na gari na siyo rundo la chuma chakavu. Ya injini itabadilika, kwa hiyo aliyekuuzia Isuzu akuandikie hati ya mauziano yenye namba ya injini, sahihi na shahidi, na mabadiliko uyapeleke TRA gari likaguliwe kabla halijaingia barabarani. Vivyo hivyo kwa mzoga wa Land Cruiser: usilipe mpaka umeona kadi yake. Magari yaliyoibwa huishia kwenye mizoga ya bei nzuri.

Ukiupata mzoga, nitumie kwa basi la asubuhi vitu hivi: nyumba ya klachi ya Toyota, flaiwili na presha pleti ya Isuzu, bati la nyuma la injini, na pleti zote mbili za klachi hata kama zimekwisha. Gia boksi usiitume, lakini azima venia kwa mwalimu wa VETA unayemjua, unipimie kipenyo cha ncha ya shafti, urefu wake kutoka uso wa gia boksi hadi ncha, na idadi ya meno. Pima kila kimoja mara tatu siku tofauti na uniandikie vipimo vyote vitatu, hata vikigombana. Flaiwili ifunge kwenye gunia na uandike juu kwa rangi. Mwaka jana konda mmoja alinishushia ya kwangu kwa kuitupa, na meno ya stata yakaondoka.

Pleti nitaikata nikishaona hivyo vitu. Kutoboa pini itabidi nije mwenyewe na saa yangu, kwa hiyo mwambie mama yako aandae kitanda, na kuku mmoja kati ya hao waliokosa pa kutagia.

Mjomba wako

N.B. Huyo rafiki yako wa ekseli za Hilux, muulize kama ana stelingi boksi ya 60. Nimeona kona ya kitu kama hicho nyuma ya ekseli kwenye picha.